Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na abiria na wenye mizigo

Kila wiki naulizwa maswali yale yale: na shangazi anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, na mfanyabiashara wa Kampala anayepitishia bidhaa zake Nairobi, na mkulima wa Mwea anayetaka mishiri yake, yale maharagwe machanga ya kijani, ifike Ulaya ikiwa bado mbichi. Nimeyakusanya hapa. Kabla ya yote, kumbuka kwamba JKIA, yaani uwanja huu wa Nairobi, ni njia panda. Abiria wengi wanaoteremka hapa safari yao haiishii Nairobi, na shehena inayolala hapa usiku wa leo kesho iko bara jingine. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayoonekana kama usumbufu utayaelewa.

Tiketi yangu imeandikwa Jumanne 00:30. Nifike uwanjani siku gani?

Jumatatu usiku. Nimelitanguliza swali hili kwa sababu ndilo linaloumiza watu zaidi. Sisi huita saa hiyo saa sita na nusu usiku, na usiku wenyewe tunauita usiku wa kuamkia Jumanne. Tiketi haina neno la kuamkia. Kwake, Jumanne huanza pale saa sita kamili za usiku zinapogonga, wakati wewe bado unaihesabu Jumatatu.

Niliwahi kumkuta mama mmoja mlangoni, sanduku lake limezungushiwa kamba ya katani mara tatu ili lisifunguke njiani. Alikuwa amefika saa tatu usiku, siku ya Jumanne, saa tatu na nusu kabla ya safari, kama mwanawe alivyomwelekeza kwa simu. Alikuwa ametulia kabisa. Ndege yake ilikuwa imeruka usiku uliopita na imeshatua. Hakuna aliyemdanganya. Mwanawe alisoma tarehe kwa hesabu moja, mama akaihesabu kwa nyingine.

Ukiona saa inayoanza na 00, 01, 02 au 03, toka nyumbani usiku wa siku iliyotangulia. Saa za mchana na jioni ni rahisi: 14:00 ni saa nane mchana, 22:00 ni saa nne usiku. Mwandikie mzee wako kwenye karatasi kwa maneno ya nyumbani, "unatoka hapa Jumatatu saa kumi na mbili jioni", kisha tiketi mwachie ya kumwonyesha askari. Kumbuka pia kwamba kila saa kwenye tiketi ni saa ya mahali husika. Saa ya kutua Dubai ni ya Dubai.

Nifike mapema kiasi gani?

Saa tatu kabla kwa safari za nje, saa mbili kwa safari za ndani. Kaunta nyingi za safari za nje hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na zikifungwa zimefungwa. Ukaguzi ni wa hatua kadhaa. Wa kwanza uko barabarani: gari husimama, abiria hushuka na kupita kwenye mashine kwa miguu, dereva hupita na gari, mnakutana mbele. Utakaguliwa tena mlangoni mwa jengo, na tena kabla ya kuingia ndegeni. Mwenye watoto wadogo au mgonjwa wa miguu aongeze nusu saa.

Ni kiwanja hiki au Wilson?

Soma msimbo kwenye tiketi. NBO ni JKIA, upande wa Embakasi, kilomita kama 18 kutoka katikati ya jiji. WIL ni Wilson, kando ya barabara ya Lang'ata, ambako hurukia ndege ndogo za mbuga na miji ya ndani. Usimwambie dereva "eapoti" tu.

Nitafikaje?

Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022 na ina njia ya kutokea uwanjani. Unalipia, lakini jioni ya msongamano inaokoa safari. Basi namba 34 kutoka mjini bado ndilo nafuu kuliko yote, ila lisiwe tegemeo lako kama ndege ni ya saa mbili asubuhi na mvua inanyesha.

Nitaondokea jengo gani?

Majengo ya abiria ni 1A hadi 1E, pamoja na Terminali 2. Safari za ndani nyingi ziko 1D. Nyingine huhamishwa mara kwa mara, kwa hiyo nisikupe orodha itakayokupotosha: tazama tiketi, kisha thibitisha na shirika lako siku moja kabla. Ukishushwa mlango usio wako, majengo ya namba 1 yako karibukaribu na unaweza kutembea. Terminali 2 iko kando, usiiendee kwa miguu na masanduku mawili.

Ninaunganisha ndege hapa. Mizigo yangu itanifuata yenyewe?

Jibu liko kwenye kile kikaratasi kirefu wanachokibandika kwenye sanduku ulikoanzia. Kisome kabla sanduku halijamezwa na mkanda. Kikionyesha herufi za mwisho wa safari yako, tuseme LUN ya Lusaka au EBB ya Entebbe, sanduku litahamishwa bila wewe kuligusa. Kikisema NBO, litatua hapa na kukungoja kwenye mkanda wa wanaowasili, nawe itabidi upite uhamiaji, ulichukue, upite forodha, kisha uanze upya kama msafiri anayetoka mjini.

Hili huwapata hasa walionunua tiketi mbili tofauti kwa sababu kila moja ilikuwa rahisi. Ukizinunua hivyo, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukungoja wala kukupa nafasi nyingine. Binafsi, mtu akiwa na chini ya saa nne kati ya tiketi mbili za namna hiyo, humwomba abadilishe kabla hajatoka nyumbani.

Nahitaji kibali kupita Nairobi?

Viza za Kenya ziliondolewa Januari 2024, nafasi yake ikachukuliwa na idhini ya kielektroniki iitwayo eTA, ambayo huombwa mtandaoni kabla ya safari. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaihitaji, na tangu 2025 nchi nyingi za Afrika nazo zimesamehewa. Anayebadilisha ndege bila kutoka uwanjani pia haihitaji. Lakini rudi kwenye swali lililotangulia: kama sanduku lako limeandikwa NBO, utatoka, na sheria ya wanaotoka itakuhusu.

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kusafiri baina ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa. Pasipoti ni bora zaidi ikiwa unaendelea mbele.

Kadi ya manjano ni ya lazima?

Inategemea unakokwenda zaidi ya unakotoka. Kenya ni miongoni mwa nchi ambazo homa ya manjano inaweza kuambukizwa, kwa hiyo Afrika Kusini na nchi nyingine nyingi huidai kwa msafiri anayetoka hapa. Chanjo huanza kuhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10, basi kuchanjwa jana kwa safari ya kesho hakukusaidii.

Ni vitu gani watu hunyang'anywa mara nyingi?

Mifuko ya plastiki, kwanza. Kenya iliipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na mfuko wa duka la uwanja wa ng'ambo nao haukubaliki. Vimiminika vya zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi, vikiwemo asali, samli na ile sosi ya pilipili aliyokufungia mama. Viweke kwenye sanduku la kupakiwa.

Pawabanki ni kinyume chake: haitakiwi kabisa kwenye sanduku la kupakiwa, ni ya begi la mkononi tu. Betri yake ikishika moto juu ya kiti chako wahudumu wataizima. Ikishika moto chini ya shehena, hakuna wa kuifikia. Kiwango cha kawaida ni hadi wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74, kwa hiyo inapita.

Makombe ya baharini, matumbawe, meno, ngozi na pembe za wanyama: acha. Kuna mbwa waliofunzwa kunusa pembe za ndovu, na kesi zake si za faini ndogo. Fedha taslimu zinazofika dola 10,000 au zaidi lazima uzitangaze forodha.

Kwa nini ndege nyingi kubwa huondoka usiku?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake lina kiwanja kizima ndani yake.

Embakasi iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi. Bawa hupata cha kuegemea kidogo, injini hupata hewa kidogo ya kuchoma mafuta, na jua la mchana likiipasha hewa hiyo joto linaifanya nyepesi zaidi. Ndege nzito inahitaji kukimbia sana kabla ya kuinuka. Ndiyo maana njia ya kurukia ina mita 4,117, ndefu kuliko za viwanja vingi vya pwani vyenye ndege zile zile. Hata hivyo kuna kikomo. Kenya Airways ilipoanza kwenda New York moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, safari ya saa kama 15 angani, ilibidi ndege ibebe mafuta mengi mno. Usiku hewa ikipoa, inanyanyuka na mzigo ambao adhuhuri ingelazimika kuuacha chini.

Sababu ya pili ni kuunganisha. Jioni hufika ndege kutoka Entebbe, Kigali, Dar es Salaam, Lusaka na Mombasa, karibu kwa pamoja. Abiria wao huvuka kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na usiku ndege kubwa huondoka nao, zitue Ulaya alfajiri wakati kule nako ndege nyingine zinajiandaa kutawanyika. Asubuhi wimbi hurudi. Ukipita kwenye korido saa nne usiku utaona watu wakikimbia na watoto mgongoni. Ukipita saa tisa mchana utaona wafagiaji na viti vitupu.

Kwa nini ndege moja ikiharibika kwenye njia ya kurukia, kila kitu husimama?

Kwa sababu njia ya kurukia ni moja tu. Ndege ikipasuka tairi pale katikati, zilizoko angani hupelekwa Mombasa, Kisumu, Eldoret, Entebbe au Kilimanjaro, na lile wimbi nililolieleza hukatika: anayetoka Lusaka hawahi ndege yake ya Amsterdam, na maua yaliyokuwa yapakiwe yanakaa kwenye gari. Njia ya pili imezungumzwa miaka na miaka. Kwangu mimi hiyo ndiyo haja ya kwanza, mbele ya majengo ya kupendeza. Jengo likiwa bovu watu watakaa kwenye hema.

Na wamekaa. Moto wa tarehe 7 Agosti 2013 uliteketeza ukumbi wa wanaowasili kutoka nje. Hakuna aliyekufa. Abiria wakapokelewa kwenye mahema na ndani ya jengo jipya la kuegesha magari, nazo ndege zikarejea ndani ya siku moja, maana njia ya kurukia ilikuwa nzima.

Uwanja ulijengwa lini?

Ulifunguliwa Mei 1958 ukiitwa Embakasi, kuchukua kazi iliyokuwa ikifanywa na kiwanja cha Eastleigh. Sehemu kubwa ya kazi ya mikono ilifanywa na wafungwa wa kizuizini wa wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, jambo lisilotajwa popote pale abiria wanapopita, nami naona lilistahili kutajwa. Jengo la upande wa kusini wa njia ya kurukia lilifunguliwa 1978, na mwaka huo huo, baada ya Mzee Kenyatta kufariki mwezi Agosti, kiwanja kikapewa jina lake. Jengo hilo lilikusudiwa abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Idadi hiyo ilipitwa zamani, na msongamano unaouona asili yake ni hapo.

Maua husafirije?

Hukatwa shambani asubuhi, Naivasha kwa mfano, na saa ile ile huingizwa chumba baridi. Lori la baridi huyaleta Embakasi jioni. Maghala ya hapa yamewekwa nyuzi 2 hadi 4, na ukiingia humo utawakuta vijana wamevaa makoti mazito na kofia za sufu katika jiji ambalo nje watu wamevaa mashati. Maboksi ni marefu na membamba, yana matundu ubavuni ili baridi ipulizwe ndani. Mkaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, huchagua boksi, hulifungua juu ya meza yenye taa kali, hutoa shada na kuligonga juu ya karatasi nyeupe kuona kama kuna kidudu kitakachodondoka. Hugeuza majani, hupasua vikonyo. Ulaya huchunguza waridi hasa kwa ajili ya viwavi vya nondo fulani, na kiwavi mmoja anaweza kurudisha au kuteketeza shehena nzima. Yakipita, hupewa cheti cha afya ya mimea, hupita kwenye mashine ya usalama, hupangwa juu ya palati, hufunikwa wavu na kungoja zamu ya kupakiwa.

Waridi linalokaa saa mbili kwenye jua la lami halionyeshi kitu siku hiyo. Huonyesha wiki moja baadaye, kwenye chombo cha mtu aliyelinunua, likiinamisha kichwa. Mkulima hulipwa kidogo, naye hajui ni saa zipi mbili zilizomharibia. Kwa hiyo weka kidude cha kurekodi joto ndani ya boksi. Si ghali, na ndicho shahidi pekee utakayekuwa naye.

Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga la Ulaya kwa karibu wiki moja. Hapa mvua haikunyesha, injini hazikuharibika, lakini maghala yalijaa, mashamba yakatupa maua kwa tani, na maelfu ya vibarua wa Naivasha wakaambiwa wakae nyumbani.

Mizigo yote huenda kwa ndege za mizigo?

Hapana. Kiasi kikubwa husafiri tumboni mwa ndege za abiria, chini ya miguu yako. Tulilifahamu vizuri 2020, safari za abiria zilipositishwa mwezi Machi: nafasi ya mizigo ilipungua na bei ikapanda, hadi Kenya Airways ikatumia vyumba vya abiria vya Boeing 787 kubebea shehena. Parachichi nyingi zenyewe huenda kwa meli kupitia Mombasa, zinavumilia safari. Mishiri haivumilii.

Boksi langu lina kilo 12. Kwa nini nimetozwa kilo 20?

Ndege hujaa kwa nafasi kabla haijajaa kwa uzito. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 linatoa 120,000, ukigawa unapata 20. Utalipia namba iliyo kubwa kati ya hiyo na kilo za mizani. Punguza boksi, usipunguze nguo.

Nawezaje kufuatilia mzigo wangu?

Kwa namba ya hati ya shehena ya ndege, yenye tarakimu 11. Tatu za kwanza ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar. Ya mwisho ni ya ukaguzi: zichukue saba zinazofuata zile tatu, zigawe kwa 7, na baki ndiyo tarakimu ya mwisho. Isipolingana, namba uliyopewa imekosewa au imebuniwa. Mtu anayekutaka umtumie pesa za "kugomboa zawadi" yako akikupa namba, ipige hesabu hiyo kwanza. Hesabu ikilingana bado piga simu kwa shirika lenyewe, na usitume hela kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Tunampokea marehemu kutoka nje. Tumsubiri wapi?

Poleni. Jeneza halipiti ukumbi wa abiria, hata kama jamaa waliolisindikiza wamo kwenye ndege ile ile. Hushushwa upande wa mizigo. Nimeona ukoo mzima umesimama kwenye ukumbi wa wanaowasili na maua mikononi, macho kwenye ule mlango, na hakuna aliyekuwa amewaambia. Wagaweni watu: wachache wampokee aliyesafiri, wengine waende moja kwa moja kwenye ghala lililotajwa na shirika.

Hati zitakazohitajika ni cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili, barua ya kueleza kuwa hakuna hatari ya maambukizi, pasipoti ya marehemu na barua ya ubalozi wa Kenya kule alikofia. Jeneza huwa na bati la zinki lililozibwa ndani. Mpeni wakala nakala za hati siku mbili kabla ndege haijatua, na mpange gari la kubeba jeneza lifike baada ya karatasi kukamilika, maana taratibu za afya na forodha huchukua saa kadhaa. Mzee na wagonjwa wabaki nyumbani.

Sanduku halikuja, au limekuja limevunjika. Nifanyeje?

Usitoke ukumbini. Nenda dawati la mizigo iliyopotea ujaziwe fomu, na uondoke na namba yake. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, na muda wake ni mkali: siku 7 kulalamika kwa maandishi kuhusu sanduku lililoharibika, siku 21 kwa lililocheleweshwa, kuanzia siku ulipokabidhiwa. Lisipoonekana kwa siku 21 huhesabiwa limepotea. Kikomo cha fidia tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho hubadilishwa kuwa shilingi kwa bei ya siku. Weka risiti za nguo na dawa ulizonunua wakati wa kungoja.

Na shehena je?

Siku 14 kwa iliyoharibika, 21 kwa iliyochelewa. Kikomo ni SDR 26 kwa kilo, kwa hiyo kama unatuma kitu chepesi cha thamani kubwa, kama simu au vipuri vya mashine, tangaza thamani yake kwenye hati kabla hakijaondoka na ulipe nyongeza. Unapopokea, fungua mbele ya karani wa ghala. Ukiona boksi limelowa au limebonyea, liandike kwenye karatasi ya kupokelea kabla ya kutia sahihi, piga picha, na umwombe naye atie sahihi yake.